Dizeli inakosa nguvu mlimani kisha inazima

Pole sana ndugu yangu, kuzimikiwa na gari Kimara saa ya foleni si jambo dogo. Umesema pikapu yako ya dizeli inapoteza nguvu ikipanda, inazima, ukisubiri robo saa inawaka kama kawaida. Moshi mweusi hakuna.

Tafadhali usikubali fundi ashushe pampu ya dizeli bado. Dalili hizo zinaonyesha injini inakosa mafuta, na mara nyingi kizuizi kiko kabla ya pampu. Ikishazima tu, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Kisha legeza koki iliyo chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Kama kuna maji, yatakaa chini, dizeli juu. Filta yenyewe badilisha. Ni bei nafuu mno kuliko pampu.

Bado inazima? Mwambie fundi aweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, injini iungurume. Mapovu yakipita, kuna mahali inavuta upepo. Yangu ilikuwa mpira juu ya tangi, umepasuka ufa mwembamba kama unywele, wala haukuvuja tone. Nilikuwa nimeshatajiwa bei ya pampu!

Kama injini yako ni ya komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa sana, mtu asilegeze bomba la nozeli (kinachopulizia dizeli ndani ya injini) injini ikiwa inawaka. Presha ile inapenya ngozi.

Ungeona moshi mweusi, ningekutuma kwenye eya klina (filta ya hewa) na mpira wa tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini.