Nilipie kiti cha ndege, au ningoje bahati ya kontwari?

Wiki hii barua tatu zimekutana mezani kwangu na zote zinauliza habari ya kiti. Wanaonijua na kuniita Yaya, yaani mkubwa wao, wanakumbuka: nilikaa miaka kumi na tisa nyuma ya kontwari, ile meza ya kuhudumia wateja, kwenye ajansi ya tiketi hapa Lubumbashi, kabla sijaacha na kuanza kusafiri mwenyewe kufuata bidhaa. Kwa hiyo kiti nimekiuza, na nimekinunua. Naanza na barua ndefu.

«Yaya, mwezi wa saba naenda Brussels kumwona mdogo wangu, pamoja na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Tunabadilisha ndege njiani. Tiketi nimeshalipa, kwa shida unazozijua. Sasa kijana wa ajansi ananiambia kuchagua viti ni pesa ingine: dola 18 kwa kila mtu kwenye ndege ya kwanza, dola 35 kwenye ndege ya pili, kwenda na kurudi. Nimepiga hesabu, ni dola 318! Hiyo si minervali, karo ya shule ya mtoto? Bwana yangu anasema ni wizi mtupu, watoto watakaa na mama yao tu, nani mwingine atawataka? Mimi naogopa. Nilipe ao nisilipe?»
Mama wa Wawili, Kampemba

Mama wa Wawili, hesabu yako ni sawa. Bwana yako naye hajakosea sana, ila hajawahi kusimama pale utakaposimama wewe. Ni kweli hakuna mhudumu wa ndege anayependa kuona mtoto wa miaka minne analia katikati ya watu asiowajua. Uingereza, mamlaka ya anga inayataka mashirika yakalishe watoto karibu na wazazi wao, na ikishindikana, wasipishane zaidi ya safu moja. Penye ndege nyingi mambo huishia hivyohivyo: watu watasogezwa, mtakaa pamoja. Lakini kabla ya kusogezwa kuna dakika kumi ambazo hakuna anayezisimulia. Umesimama kwenye njia ya katikati, mfuko begani, mdogo amelala shingoni mwako, mkubwa anakuvuta kitambaa, watu nyuma wanakusukuma kwa valizi, na wewe unambembeleza bwana aliyelipia kiti chake akuhurumie. Anaweza kukataa. Na akikataa, hana kosa, amelipa.

Basi fanya hivi. Ndege ya kwanza ni fupi, iache bila kulipa. Ndege ya pili, ile ya usiku, lipia viti vitatu vya kwenda: dola 105. Hapo ndipo watoto wanalala, na hapo ndipo usumbufu una bei. Uzuri wenu mko watatu. Ndege nyingi za njia moja ya katikati zina viti vitatu kushoto na vitatu kulia. Nyingi za zile kubwa zenye njia mbili zina tatu, tatu, tatu. Chukua safu nzima, mgeni asiingie kati yenu. Mkubwa akae dirishani, mdogo katikati, wewe ukae upande wa njia, kwa sababu ni wewe utakayepeleka mtu chooni mara nne.

Kurudi, usilipe kitu. Utakuwa nyumbani kwa mdogo wako, umeme haukatiki, intaneti haikatiki. Mashirika mengi yanafungua cheki-ini, yaani kujiandikisha kwa safari, kwa simu kati ya masaa 24 na 48 kabla ya ndege kuruka, na wakati huo viti vilivyobaki mara nyingi vinatolewa bure, hata kwa mtu wa tiketi ya bei ya chini. Uliza saa kamili ya shirika lako, tega saa ya simu, na dakika ile inapofunguka uwe umeshika namba zako za safari mkononi. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa jambo hili. Kwenye taksi ya kwenda Likasi, kiti cha mbele karibu na dereva hakiuzwi, kinawahiwa.

Lakini kuna jambo ambalo ningekushika mkono kwalo hata kabla ya kuzungumza pesa. Rudi ajansi kesho, umwambie yule kijana akuonyeshe ile namba ya herufi sita ya safari yenu. Je, nyote watatu mko chini ya namba moja? Nauliza kwa sababu najua namna tunavyolipa tiketi huku kwetu: leo nimepata za mkubwa, wiki ijayo bwana analeta za mdogo, yangu naikamilisha mwisho wa mwezi. Tiketi tatu, siku tatu, namba tatu. Kompyuta haijui uzazi. Inaona abiria watatu wasiojuana, mmoja ana miaka minne, na inawatawanya kama inavyotawanya wengine. Zikiwa namba tofauti, mwombe azifunganishe na aandike kwenye kila moja kwamba watoto wanasafiri na mama yao. Hiyo haigharimu hata senti, na nimeiona ikiokoa safari nyingi kuliko pesa ya viti.

Kuhusu neno la bwana yako, «wizi»: mimi ningesema biashara, tena nono. Mwaka 2024 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kwamba mashirika matano tu ya kwao yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa kuuza uchaguzi wa viti kati ya 2018 na 2023. Kiti ni kilekile, hakijaongezwa hata kitambaa. Kinachouzwa ni woga wako wa kukaa mbali na watoto. Ndiyo sababu nakuambia ununue kidogo, pale tu woga una haki.

Barua ya pili inatoka Kamalondo.

«Yaya, mimi nina mita 1 na sentimita 94. Mwaka jana nilienda Guangzhou, magoti yakabaki kwenye kiti cha mbele yangu. Safari hii wananiuzia kiti cha mlango wa dharura dola 70, kwa ndege ya masaa kumi na moja. Baba anasema hiyo pesa ninunue bidhaa. Unasemaje?»
Mrefu wa Kamalondo

Mdogo wangu, lipa. Dola 70 ugawe kwa masaa 11, ni dola sita na kidogo kwa saa. Hakuna bidhaa utakayoibeba vizuri ukitoka ndani ya ndege umekunjika kama kisu cha mfukoni.

Tena si starehe peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya msafiri: ukikaa safarini masaa manne au zaidi bila kujinyoosha, hatari inaongezeka kama mara mbili. Usitishike, hata hivyo ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Ila kati ya waliotajwa kuwa na hatari zaidi kuna watu wenye urefu unaozidi mita 1.90. Wewe huyo. Ukipata kiti cha mlango, bado simama, tembea, chezesha vifundo vya miguu.

Umwambie baba hivi: nafasi kutoka kiti hadi kiti cha mbele, kwenye daraja la kawaida, ni kama sentimita 79, na mashirika ya bei rahisi hushuka hata 71. Humo ndimo unamoingia unene wa kiti chenyewe na miguu yako yote. Achukue utepe wa fundi cherehani apime mwenyewe sebuleni.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu mlango wa dharura, kwa sababu hapo mimi nimeliwa pesa. Nilikuwa nampeleka mama yangu kutibiwa nje, ana miaka 74, magoti yamechoka. Nikasema mama apate mahali pa kunyoosha miguu, nikalipa dola 40 kwa kila mmoja wetu, viti viwili vya mlango. Tumeketi, nimeshamfunika kitenge miguuni. Mhudumu anakuja, anainama, anamuuliza kwa upole kama ataweza kufungua mlango ule ikitokea shida. Ninamtafsiria. Mama anamwangalia msichana, anaangalia mlango, anasema kwa sauti ya soko: «Miye nifungule mulango ya ndege? Na ule mwenye kuendesha anafanya kazi gani?»

Watu wa safu tatu walicheka, hata mhudumu. Kisha akatuhamisha nyuma kabisa, karibu na choo. Sheria ni sheria: kwenye mlango hakai mtoto, mjamzito, mtu mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, wala asiyeweza kuelewa maelekezo na kuusukuma mlango mzito. Dola zangu 80 nilizidai miezi miwili. Nikaambiwa masharti yalikuwa yameandikwa na mimi nilikubali kwa kubonyeza. Mimi, niliyewasomea wateja masharti hayohayo miaka kumi na tisa.

Wewe ni kijana mwenye nguvu, watakuacha. Jua tu haya: mfuko wako wote unapanda juu wakati wa kuruka na kutua, hakuna kuuweka chini ya miguu. Meza mara nyingi iko ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono haunyanyuki. Na karibu na mlango kuna baridi, beba soksi nzito. Kuwa macho pia na ajansi inayokuambia kiti fulani ni «karibu na mlango, ni kilekile». Si kilekile. Safu iliyo mbele ya mlango, mgongo wake mara nyingi haulali, kusudi njia ya kutokea isizibwe. Utakaa wima hadi China na utakuwa umelipia.

Tunza risiti ya kiti mbali na tiketi. Shirika likibadilisha ndege dakika ya mwisho, ramani ya viti inabadilika, na kiti ulicholipia kinaweza kupotea. Ukihamishiwa kwenye kiti cha kawaida, pesa hiyo ni ya kudai, ila mtu asiye na risiti hana neno.

Ya mwisho ni fupi, na jibu langu lingekuwa fupi zaidi kama si kumbukumbu.

«Nasafiri Kinshasa kwa ndege mara ya kwanza. Nilipie dirisha?»
Mwanafunzi, Katuba

Mwanangu, Kinshasa ni masaa mawili na kidogo. Kwa safari hiyo sijawahi kulipia kiti na sitalipia. Fika uwanja wa ndege wa Luano mapema, mwambie wa kontwari kwa adabu kwamba ni mara yako ya kwanza, unaomba dirisha. Kiti hicho ni matabishi, ile nyongeza ya bure ya muuzaji: ukiomba vizuri unapewa, ukidai unanyimwa. Usimwambie mbele ya bosi wake.

Ukiamua kulipa hata hivyo, tazama kwanza mchoro wa viti. Miaka ile ya ajansi alinijia kijana kama wewe, akaweka dola 12 mezani, noti ndogondogo zilizokunjwa. Alitaka kiti cha dirisha tu, ili ndege ikipaa aone toka juu ule mlima wa masalio ya shaba na bomba refu la kiwanda, vitu alivyoviangalia toka chini tangu azaliwe. Nikamchagulia safu ya kumi na moja, dirishani, nikampigia na muhuri. Ndege ilikuwa Boeing 737. Kwenye nyingi za aina hiyo, kuna safu moja au mbili mbele ya bawa ambapo bomba la hewa ya ubaridi linapanda ndani ya ukuta, na pale pangekuwa dirisha pana ukuta mtupu. Mimi sikujua. Kwenye kompyuta yangu paliandikwa dirisha.

Aliporudi likizo alipita ajansi kunisalimia. Hakukasirika. Aliniambia tu kwamba ameiona plastiki nyeupe masaa mawili, ina kidoa kidogo cha kahawa upande wa chini, angeweza kunichorea. Nilifungua mkoba wangu, nikamhesabia dola 12, na kwa ndege ya kurudi Kinshasa nikamtafutia mwenyewe safu ya ishirini, nyuma ya bawa.