Jumapili ya vilio viwili

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Mtu maarufu akifa, kwa nini tunamlilia kama ndugu wa damu?" Nililisoma asubuhi nikitwanga sombe, nikaliweka kando, likanifuata siku nzima. Sasa ni saa nne usiku, umeme umerudi, naandika.

Mniwie radhi, sitajibu kama mlivyouliza. Kwa nini tunalia, hilo kwangu si fumbo. Mtu amekuimbia miaka 30, sauti yake ilikuwepo kwenye harusi yako, ilikuwepo mtoto wako alipobatizwa, halafu asubuhi moja unaambiwa hayupo. Utalia. Mimi linaloniuma ni jingine: kilio hicho tunakipeleka kwenye mlango wa nani? Maana siku anayokufa mwanamuziki mkubwa, kwenye avenyu yako mwenyewe mara nyingi kuna lupango, yaani ua wa nyumba, lililofungwa turubai, na ndani amelala mtu ambaye hakuna redio itakayomtaja.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba naona tunakosea. Ninaishi Lubumbashi, huku Kongo, mtaa wa Katuba. Kwetu huku kilio si machozi peke yake, ni mahali. Mtu anasema "naenda kilioni" kama anavyosema naenda sokoni. Kilio kina mkeka, kina mbabula ya kuchemshia maji, kina viti vya kukodi, kina daftari la michango. Unakwenda kwa miguu yako, unakaa, unatoa ulicho nacho, ukiweza unalala hapo hapo. Sasa mtu anafia Paris, anafia Abidjan, na wale wale walioshindwa kuvuka avenyu mbili kuja kukaa na mjane wanaamka alfajiri kujaza simu picha na mishumaa. Hasira yangu ina tarehe yake, na ndiyo nataka kuwasimulia.

Baba mdogo wangu alifariki Ijumaa mchana, Aprili 2016. Alikuwa fundi cherehani. Miaka ya 1980 alikuwa na meza yake upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kazi iliyomlisha ilikuwa suruali za vijana waliotaka kufanana na mwanamuziki Papa Wemba: marinda kiunoni, pana mapajani, zimebana kwenye kifundo cha mguu. Kijana alikuja na ganda la santuri mkononi, akaweka kidole kwenye picha, akasema: baba, nikatie hii. Baba mdogo hakuwahi kumwona Wemba hata siku moja, lakini watoto wake wanne walisoma kwa suruali zile. Hilo siku ile sikulifikiria kabisa.

Daftari la kilio nilipewa mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Aliyewahi kulishika anajua ni kazi ya namna gani. Unaandika jina, anatoka upande gani, kiasi gani, na kila mstari unajua ni sehemu ya sanduku, sehemu ya gari, sehemu ya unga wa bukari. Mazishi yalipangwa Jumatatu. Hadi Jumamosi usiku pesa ya gari ilikuwa haijatimia.

Jumapili, tarehe 24, mvua ilinyesha alfajiri, moja ya zile za mwisho kabla ya kiangazi. Maji yalituama juu ya turubai likaning'inia kama tumbo, na vijana walikuwa wakilisukuma kwa mti wa ufagio ili yamwagike pembeni yasiwapate wazee. Nilikuwa nimeshaandika majina 14 tangu asubuhi. Ndipo mpwa wangu akapigiwa simu kutoka Kinshasa. Alisikiliza, akashusha simu, akasema: "Wemba amekufa."

Wakubwa walimkemea. Simu zilishatuulia wanamuziki wangapi ambao jioni yake walionekana wazima? Lakini redio ya jirani nayo ikasema, na kabla ya saa tano video ilikuwa imefika. Nanyi mliiona. Abidjan, tamasha la FEMUA kule Anoumabo, mzee wa miaka 66 jukwaani na bendi yake, anaanguka, na nyuma yake wachezaji wanaendelea kucheza kwa sababu bado hawajajua. Simu ile ilipita mkono kwa mkono chini ya turubai letu. Mtu mmoja aliitazama mara tatu, kila mara akiguna kama ndiyo mara ya kwanza.

Nusu saa haikuisha, viti vikabaki vitupu. Vijana walikwenda kwenye kona, kule kwenye baa, mtu akatoa bafle kubwa nje, na sauti ile nyembamba ya Wemba ikapanda juu ya mabati ya avenyu nzima. Wanawake walitoka malangoni wakaanza kulia. Sisemi kulia kwa heshima tu. Walilia kilio chenyewe, mikono kichwani, wengine wameketi chini kwenye tope la mvua. Nilifunga daftari nikaliweka magotini. Tangu habari ile ifike hadi saa sita, hakuna hata mtu mmoja wa avenyu yetu aliyekuja kuandikisha jina. Sikuwahi kuwachukia majirani zangu kama saa ile.

Nikaingia ndani. Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mgongo ukutani. Tangu Ijumaa alikuwa hajalia kwa sauti, na wazee walishaanza kunong'onezana, maana mnajua mjane asiyelia husemwa. Aliinua kichwa akaniuliza:

"Ni nani hao wanaolia vile huko nje?"

Wanawake wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Ni watu wa avenyu, mama."

"Wanamlilia?"

"Wanalia, mama."

Akakaa kimya kidogo, anasikiliza. Kisha akasema, polepole, "Sikujua kama walimpenda hivi." Hapo ndipo sauti yake ilipotoka. Alilia hadi akalazwa, akapepewa kwa kipande cha katoni, na kule nje Wemba anaimba, na sauti za wanawake wa nje na wa ndani zikawa moja.

Lile jibu langu nimelibeba mpaka leo. Mama mdogo naye alifariki miaka michache baadaye, na sikumwambia. Kuna ndugu walionilaumu: ulimdanganya mjane siku ya kilio chake. Sikumdanganya, walikuwa wanalia kweli. Lakini alichoniuliza nilikijua, na nilichojibu nilikijua.

Niliporudi nje nilimkuta mwanamume mmoja wa pikipiki, yule wa kubeba abiria, amekaa peke yake kwenye viti vitupu, kofia mapajani. Simjui. Nadhani alipita akasikia vilio na muziki, akaona turubai, akaingia. Alikaa karibu nusu saa bila kusema neno, kisha akainuka akaniomba daftari, akatoa noti ya franka 500.

"Jina?"

"Andika tu wa pikipiki."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya muzee."

Sikumuuliza muzee yupi. Niliandika: wa pikipiki, 500, kwa ajili ya muzee. Tulipomaliza kilio na daftari likasomwa mbele ya ukoo, mama mdogo aliuliza huyo ni nani, tukasema hatumjui, akaagiza ashukuriwe popote alipo.

Jioni vijana walirudi, wakaleta na wengine. Waliwasha moto mkubwa, na usiku ule turubai lilijaa kuliko siku zote mbili za nyuma. Walimzungumza Wemba, wakafika kwenye mavazi, na hapo mzee mmoja wa Kamalondo akasimama akasema suruali aliyokwenda nayo kumwona bibi harusi wake, kabla hajawa bibi harusi, ilikatwa na huyu aliyelala humu ndani. Mwingine akasema yake ilikuwa ya kijivu na alidaiwa nusu ya bei mpaka leo. Alitoa pesa ile pale pale, nikaiandika. Wakaanza kutajana: na fulani alishona kwake, na fulani. Hadi saa tisa za usiku hakuna aliyemtaja Wemba tena. Walikuwa wanamsimulia baba mdogo, meza yake, mkasi wake, namna alivyoshika pini mdomoni akiongea. Pesa ya gari ilitimia.

Nilipoanza barua hii nilikusudia episodi hii iwe ushahidi dhidi ya wanaowalilia watu maarufu. Naona sasa haishuhudii nilichotaka. Kama Wemba asingekufa Jumapili ile, kuna watu wasingekumbuka kwamba suruali zao zilikuwa na fundi.

Lakini msinielewe vibaya, kuna jambo bado linanikaba. Franco, yule mwanamuziki mkubwa wa Kinshasa, alipofariki Ubelgiji, Oktoba 1989, serikali ilitangaza siku nne za maombolezo, na redio ikapiga Franco asubuhi hadi usiku. Alistahili, sibishi. Mwaka uliofuata, 1990, Mwenda wa Bayeke, mwana wa Bunkeya, mtu aliyepiga gitaa kwa namna ambayo hadi leo wapigaji wa ng'ambo wanajifunza, aliyetuimbia kwa Kiswahili chetu cha huku Katanga, alifariki kwa ajali ya gari Zambia. Nilikuwa msichana, na siku za Franco nazikumbuka zote. Ya Mwenda nilikuja kuisikia nikiwa mtu mzima. Basi hata katika kuwalilia wakubwa tunachagua, na mara nyingi anayechagua ni Kinshasa.

Halafu mwimbaji Tshala Muana. Alifariki Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2022. Huyu ni wetu, alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1958, ukoo wake wa Kasai, na mutuashi yake, ngoma ya huko Kasai, ilizunguka dunia. Mnajua yaliyotokea mji huu kati ya watu wa Katanga na watu wa Kasai mwaka 1992 na 1993, sitayafukua. Nitasema tu kwamba kwenye avenyu yetu zipo nyumba mbili ambazo wazazi waliacha kusalimiana miaka ile, na watoto wakarithi. Jumamosi ile nyimbo za Tshala zilitoka kwenye nyumba zote mbili. Hawakusalimiana, nisiongeze chumvi. Lakini mmoja alipozimiwa umeme, mwenzake mwenye jenereta alipandisha sauti.

Na mimi niliweka picha yake kwenye simu, na mshumaa. Ndiyo, mimi ninayewaandikia.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, mvua ikaangukia Kinshasa, ikaua zaidi ya watu 100. Nyumba za milimani ziliporomoka watu wamelala, barabara ya kwenda Matadi ikakatika. Simu yangu bado ilikuwa na picha ya Tshala. Jioni ya tarehe 13 watu wa huku walikuwa kwenye mpira wa Argentina na Croatia, Kombe la Dunia, wanapiga kelele. Nilijaribu kuwalilia wale wa mafuriko nikashindwa pa kuanzia, maana sikuwa na jina hata moja, sikuwa na sauti ya hata mmoja wao. Niliona haya. Sikubadilisha picha, kwa sababu sikujua niweke ya nani.

Kwa hiyo mhariri, nimeanza upande mmoja na nimejikuta kwingine, na sitaifuta niliyoandika juu. Mkihesabu majibu, nihesabuni miongoni mwa wanaosema tuwalilie. Nimeona kilio cha mtu mkubwa kikibeba na cha mtu mdogo. Nasema nimekiona mara moja, Katuba, kwa fundi aliyeshona suruali za Wemba. Angekuwa fundi baiskeli sijui ingekuwaje. Na kama kwenye avenyu kuna turubai, mtu apite kwanza pale aandikishe jina, ndipo aende kwenye bafle.

Na ile video ya kuanguka msiisambaze. Tuliiangalia wote, nami niliiangalia, na nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye maiti ya baba yangu mdogo, ambaye tulikuwa tumemfunika vizuri kwa shuka nyeupe ili watoto wake wasimwone vibaya. Wemba naye alikuwa na watoto, na siku ile nao walikuwa na simu.