Maswali ya wasomaji: Jukwaani, mwisho wa uhuru wa maoni ni wapi?

Swali: Salaam. Kwenye mkutano wa kampeni hapa Ujiji, mgombea udiwani alisema mpinzani wake na watu wa mtaa wake "si raia, ni Warundi, warudishwe kwao". Watu walishangilia. Mwingine akasema madiwani waliopita wamekula fedha za barabara. Wote wanadai Katiba inawalinda. Ni kweli? – *Msomaji, Kigoma*

Jibu: Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka ili haki za wengine zisivunjwe. Lakini maneno hayo mawili hayapimwi kwa mizani moja.

Tuhuma ya fedha za barabara inawahusu watu walioshika mali ya umma. Ikiwa ya uongo, waliotajwa wanaweza kudai fidia kwa kashfa. Ni kali, ila si chuki dhidi ya jamii.

La kwanza ndilo zito. Kifungu cha 63B cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinagusa maneno yanayosemwa mbele ya mkusanyiko, yanayoelekea kuzua uhasama kati ya jamii, yakiwa na nia ya kufanya watu watende jambo lisilo halali. Nia ndiyo ngumu kuthibitisha, kwa hiyo shikeni neno "warudishwe". Na nani? "Uhamiaji wachunguze" ni ombi kwa mamlaka. "Tuwatoe wenyewe" ni wito wa kujichukulia sheria mkononi.

Mazingira nayo yana uzito. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa, wa 2012, mwongozo wa kutenganisha maoni huru na uchochezi wa chuki, unataka vipimwe vitu sita: mazingira, hadhi ya msemaji, nia, maneno yenyewe, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara. Kigoma inapakana na Burundi, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Lafudhi haithibitishi uraia wa mtu, lakini neno "Mrundi" likitoka kwa mwenye kipaza sauti linaweza kumfanya jirani akose usingizi. Mwaka 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa Taba, Rwanda, na moja ya makosa yake lilikuwa kuchochea hadharani mauaji ya kimbari.

Hata hivyo, sheria hizi zikipanuliwa mno huwanyamazisha wakosoaji. Mwaka 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia mwanasiasa wa upinzani Zitto Kabwe hatiani kwa uchochezi, kutokana na kauli zake za 2018 kuhusu mauaji ya Uvinza, mkoani Kigoma, ikamwachia kwa sharti la kutotoa kauli za uchochezi kwa mwaka mmoja. Kauli zile ziliwalenga polisi, si kabila. Kwa maoni yetu, kauli ya namna hiyo hujibiwa kwa uchunguzi wa wazi, si kwa kesi.

Swali: Mbunge akiyasema hayo bungeni je?

Jibu: Hashtakiwi mahakamani; ibara ya 100 inamkinga kwa aliyoyasema ndani ya Bunge. Akiyarudia kwenye soko la Mwanga hapa Kigoma, kinga hiyo haipo.

Swali: Nilirekodi kwa simu. Nifanyeje?

Jibu: Usiikate. Klipu ya sekunde 20 humpa wakili wa utetezi nafasi ya kusema maneno yaliyotangulia yamefichwa. Faili la awali libaki kwenye simu ileile, maana mahakama huangalia jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa. Andika siku, saa, mahali na majina ya mashahidi wawili au watatu. Kama alichanganya Kiha, andika Kiha chenyewe kama kilivyotamkwa, kisha tafsiri chini yake. "Alitutukana" haisaidii kitu.

Jinai hupelekwa polisi. Ukiukaji wa maadili ya uchaguzi huenda kwenye kamati ya maadili, kwa udiwani ile ya kata, na kwa kawaida chama au mgombea ndiye hulalamika kwa maandishi. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo mwone wakala wa chama chako jioni ileile. Na usiisambaze kwenye makundi ya simu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeuza wewe mshtakiwa, na yule uliyetaka kumlinda atatukanwa upya kila klipu inapofunguliwa.