Kwa nini “the list is” lakini “the police are”?

Swali: Mhariri hunirekebisha kila ninapoandika ripoti kwa Kiingereza. Niliandika “The list of names are ready”, akaweka “is”. “Informations” akaifuta “s”. “The police is” akaifanya “are”. Kanuni ni ipi hasa?

Jibu: Makosa yako ni matatu tofauti, hayatibiki kwa kanuni moja.

La kwanza ndilo linalowapata wengi: kitenzi kimefuata nomino iliyo jirani, “names”, badala ya nomino kuu, “list”. Kiswahili kinakusaidia hapa. Hakuna asemaye “orodha ya majina yako tayari”. Husema “iko tayari”. Basi ukifika kwenye kitenzi, ruka kila kitu kuanzia “of”, “with”, “as well as” au “together with”, kisha uangalie kilichobaki. “One of the students is absent.” “The manager, together with two clerks, has left.” Njia hii hugoma mahali pawili. “A number of students are” huchukua wingi kwa sababu maana yake ni wanafunzi kadhaa, ilhali “the number of students is” inazungumzia idadi yenyewe. Na baada ya “half of”, “some of” au “most of”, kitenzi hufuata nomino inayokuja: “half of the water is”, “half of the books are”.

Kwenye “informations”, Kiswahili ndicho kinachokuponza. Sisi huhesabu taarifa mbili, vifaa vitano. Kiingereza hakihesabu “information”, “equipment”, “advice”, “furniture” wala “luggage”. Hazipokei “s” wala “a”, na kitenzi chake ni cha umoja. Ukilazimika kuhesabu, andika “two pieces of advice”. Kinyume chake, “news”, “mathematics” na “measles” zina “s” lakini ni umoja: “the news is good”.

“Police”, “people” na “cattle” ni wingi bila “s”. Askari mmoja ni “a police officer”. Kwa “team” na “government”, Marekani hutumia umoja kwa kawaida, Uingereza hukubali vyote viwili. Chagua kimoja usikibadilishe katikati ya ripoti.

Hukuuliza, lakini bila shaka utajikwaa hapa pia: “s” ya kitenzi si ya wingi. Ni ya nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo: “the book costs”, “the books cost”. Kikitangulia kitenzi kisaidizi “does”, “s” imeshakaa humo, kwa hiyo ni “she does not know”, si “does not knows”. Baada ya “did”, “can”, “will” na “must” pia, kitenzi kikuu hubaki kitupu: “he can write”, “he did write”.