Jibu: Nimeitwa intavyu ya mapokezi Malindi, ulimi unaniganda

Dada, umeandika kwamba uko Faza, kisiwani Pate, umeitwa Alhamisi kwenye hoteli moja ya Malindi, kazi ya mapokezi, na uzoefu wako ni miaka miwili kwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu. Shida yako ni kwamba ukiambiwa "hebu jieleze," ulimi unaganda. Nianze hapo, maana hayo mengine ni mepesi.

Watu wa kwetu hukwama hapo si kwa kukosa la kusema. Tumelelewa kwamba mtu hajisifu, sifa zako huzitaja wengine. Basi mbele ya paneli ya wahoji mtu hujificha nyuma ya "tulikuwa": tulikuwa tunapokea wageni, tulikuwa tunasaidiana. Anayekuhoji ana karatasi ya alama mkononi na hana cha kuandika, kwa sababu hajui wewe ulishika nini. Dawa yake si majivuno. Acha sifa, toa ushahidi. "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu" ni sifa, na waliokutangulia mlangoni wote wameshaisema. "Zamu ya asubuhi nilikuwa peke yangu, saa 12 hadi saa 8, vyumba 9. Nilipokea taslimu na M-Pesa, na kabla ya kukabidhi zamu nililinganisha daftari na ujumbe wa simu, mmoja mmoja." Huo ni ushahidi. Namba hizo ni mfano tu, weka zako za kweli. Ukizibuni, swali la pili litakuumbua.

Leo usiku andika visa 5: mgeni aliyekasirika, kosa lako na ulivyolirekebisha, siku ya kazi nyingi na mikono michache, hesabu iliyokataa kulingana, na jambo ulilolianzisha bila kuambiwa. Kila kisa kiwe na hali, jukumu lako, ulichofanya na kilichotokea. Hapo kwenye ulichofanya ndipo pawe parefu. Wengi humaliza dakika nzima wakieleza hali, wakifika kwenye kazi yao wenyewe pumzi imekwisha. Halafu simama, sema kwa sauti, jirekodi kwa simu. Kisa kimoja dakika 1 na nusu, kisizidi 2. Usikariri neno kwa neno, maana likikupotea moja yote hubomoka. Shika sentensi ya kwanza na namba, basi. Kusoma kimyakimya hakutakufaa: kinachoganda ni ulimi, si macho. Na ufanye mazoezi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa hoteli nyingi huhoji kwa Kiingereza na kukugeuzia lugha katikati.

Jambo dogo linalowaponza watu wetu: "inshallah." Ukiulizwa kama utaweza zamu ya usiku ukajibu "inshallah" peke yake, sisi tunasikia adabu, lakini meneja mgeni na pwani anasikia mtu anayekwepa. Tanguliza jibu: "Naweza, hata siku 6 mfululizo, inshallah." Dini yako iko palepale na jibu limefika.

Jiandae kwa swali la kuigiza. Wanalipenda hili: mgeni amefika saa 4 usiku, ana uthibitisho wa kuwekewa chumba, na hoteli imejaa. Usikimbilie "nitamwita meneja," wala usijifanye mwenye hoteli. Mwombe radhi bila kumlaumu mwenzako wa zamu iliyopita, mkalishe, mpe maji. Hakikisha jina na tarehe kwenye kitabu, kwa sababu mara nyingine mgeni amekosea mwezi. Kisha tafuta chumba hoteli ya jirani ya daraja lilelile, na umwombe msimamizi idhini ya hoteli kulipa teksi na tofauti ya bei. Mwisho andika tukio kwenye daftari la zamu. Hiyo sehemu ya idhini ndiyo wanayoisubiri. Wanapima kama unajua mamlaka yako yanaishia wapi.

Kiitaliano kitaulizwa, ni Malindi hiyo. Waitaliano wanakuja huko tangu miaka ya 1960, kituo chao cha kurushia roketi kilipojengwa Ngomeni, karibu na Malindi. Kama unajua salamu na namba tu, sema hivyo hivyo na usikiandike kwenye wasifu kana kwamba unakizungumza. Watakujaribu hapohapo.

Ujue pia mji. "Mgeni ana nusu siku, umpeleke wapi?" Magofu ya Gede yako kilomita kama 16, na nguzo ya Vasco da Gama iko mjini. Akitaka kutazama matumbawe, hapo mtu wa Faza ana ubora ambao hauandikwi kwenye vyeti: wewe unasoma maji. Mwambie mhoji kwamba utaangalia kwanza saa ya kupwa, kwani maji yakiwa machache ndipo matumbawe huonekana vizuri, na kwamba saa hiyo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya jana haifai kesho. Jibu hilo halipatikani kwa kila mtu.

Mshahara: taja kiwango kamili kabla ya makato, na uulize kama posho ya nyumba imo ndani. Kwa shilingi 40,000, NSSF, akiba ya uzeeni (asilimia 6), ni 2,400, SHIF, bima ya afya (asilimia 2.75), ni 1,100 na tozo ya nyumba (asilimia 1.5) ni 600. Hapo 4,100 zimeondoka na kodi ya mapato bado. Uliza pia mkataba unakuwaje miezi ya masika, maana kuna hoteli zinazofunga.

Wakiuliza utaolewa lini au kama una mimba, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kumbagua anayeomba kazi kwa sababu ya jinsia au mimba. Usianze kuwasomea sheria. "Hakuna kitakachonizuia kufuata ratiba ya zamu" linatosha. Mtu akikupigia akitaka "ada ya fomu" kwa M-Pesa, huyo ni tapeli, usitume hata shilingi.

Safari: ondoka Jumatano, si Alhamisi. Mkanda, mlango wa bahari mtakaopitia, haupitiki vizuri maji yakipwa, na ukichelewa chombo umechelewa pia basi la Mokowe, huko bara. Na saa yenyewe ihakikishe. Ujumbe wa Kiingereza ukisema 3 pm ni saa 9 alasiri, lakini ukiambiwa kwa simu "saa tatu" uliza kama ni asubuhi. Beba nakala 3 za kila cheti pamoja na vyeti halisi, nguo iliyopigwa pasi na viatu ulivyokwisha kuvivaa, visikubane.

Ukishajirekodi, andika hapa jibu lako la "jieleze" kabla ya Jumanne usiku, tulipunguze.