Uliza Mzee: sanduku la baba na duka jipya la sahani

Swali

Shikamoo Mzee. Mtaani kwetu hapa Kampala kuna kijana amefungua duka la sahani za santuri, zile nyeusi za zamani, ni lake mwenyewe sio la kampuni. Marehemu baba alikuwa askari, sisi tumekulia kambini Jinja, na alituachia sanduku la sahani ndogo ndogo kama 60 hivi lakini mashine ya kupigia hatuna tena. Nilipita pale nikachungulia, nikaona watu wamevaa hedfoni wamekaa kimya, nikaogopa kuingia. Siku nyingine nikamkuta kijana nje nikamweleza, akasema leta sanduku lote nikupe pesa. Niuze? Na mtu akiingia duka kama lile anafanyaje?
Binti wa Askari, Kampala

Jibu

Marahaba binti yangu. Usiuze. Angalau sio kabla hujazisikia, na hapo ndio duka la huyo kijana litakusaidia.

Wiki mbili zilizopita na mimi niliingia duka la namna hiyo, nilikuwa sijashika sahani miaka mingi. Hakuna cha kuogopa. Unasalimia, unapekua masanduku taratibu, ukiona kitu unauliza naweza kusikia hii, anakupigia, basi, na hata usiponunua hakuna atakayekufukuza. Wale wenye hedfoni wanasikiliza kabla ya kutoa pesa, vile mama anavyobonyeza parachichi sokoni. Sasa mimi nikamuuliza mwenye duka, za Uganda ziko wapi? Akanionyesha kasanduku kadogo kwenye kona, hazifiki 20, na ukuta mzima umejaa za Marekani na Uingereza. Iliniuma. Halafu nikapekua sanduku la Kenya nikakuta humo humo wanamuziki wetu wamejificha, kwa sababu zamani kiwanda cha kuchapa sahani kilikuwa Nairobi na bendi zetu nyingi zilipanda gari zikaenda kurekodi huko, kwa hiyo lebo inasema Nairobi na muuzaji kijana anadhani ni Mkenya. Nilimtolea tatu nikamwambia hawa ni watu wetu, soma majina ya watunzi chini ya jina la wimbo, akashukuru sana akazihamisha pale pale.

Ndio maana nakwambia sanduku la baba yako sio mzigo wa kuuza kwa kukadiria. Hapa kwetu sahani zilipotea mapema. Biashara nyingi za mjini zilikuwa mikononi mwa Wahindi, 1972 wakafukuzwa, maduka yakabadilika mikono au yakafungwa, halafu kaseti ikaingia na kaseti unajaza mwenyewe nyumbani, nani tena ahangaike na sahani. Zilizobaki ziko chini ya vitanda vya watu kama nyinyi. Na askari wa zamani walikuwa watu wa Kiswahili na watu wa dansi, kwa hiyo naamini humo hamkosi rumba ya maana.

Fanya hivi. Nunua daftari la shule, andika kila sahani: jina la bendi, wimbo, mtunzi, namba iliyo kwenye lebo. Piga picha kwa simu. Uliza mama au mashangazi kama wapo, hii baba aliipenda, hii alinunua lini, andika na hayo. Kisha chagua kama tano upeleke dukani, sio sanduku zima, mtu akiona sanduku zima anakupa bei ya sanduku, yaani ile moja ya thamani inamezwa na zile 59. Mwombe akupigie na akurekodie kwenye fleshi, na umlipe muda wake, ile ni kazi. Zile zilizo mbili mbili uza bila wasiwasi, na akikuza soko la muziki wetu kwa hizo ni vizuri pia.

Kuzishika: vidole kwenye ukingo na karatasi ya katikati tu, kamwe usiguse ile mistari, jasho letu na vumbi jekundu vikikutana pale ndio unasikia sahani inakaanga kama mafuta. Usifute kwa kanga. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilundike, na usiziweke karibu na mabati, joto linazipinda zinakuwa kama chapati. Ukiikuta moja nzito kuliko zingine, inayovunjika kama kigae, hiyo sio plastiki, ni ya zamani zaidi, ya utomvu wa wadudu, inazunguka mara 78 kwa dakika na inataka sindano yake nene. Mwambie kijana mapema asije akaipiga na sindano ya kawaida. Hizi ndogo za baba zitakuwa za 45.

Halafu usishtuke wimbo ukikatika katikati. Rumba ilikuwa ndefu na upande mmoja wa sahani ndogo unabeba dakika tatu nne hivi, wakaigawa, upande wa kwanza wanaimba, magitaa yakianza kuchemka inaisha, unageuza unakuta sehemu ya pili na ndio wakati watu walikuwa wanainuka kwenye viti. Pale dukani nilipogeuza ile ya kwanza nilisimama kimya kabisa, nikamwona mjomba wangu anacheza na soda mkononi, mtu aliyekufa zamani. Nakutakia na wewe hivyo. Nenda na mama yako kama ana nguvu za kutembea.

Swali

Mzee, ndugu yangu aliniletea mashine ya sahani kutoka Marekani, nikanunua transfoma ya umeme vizuri tu, lakini inapiga pole pole, waimbaji wote wanakuwa na sauti nzito. Fundi anasema sahani zimeharibika. Ni kweli?
Wa Mbale

Jibu

Sahani zako ni nzima ndugu yangu, usizitupe. Transfoma inashusha volti kutoka 240 hadi 110, lakini umeme una kitu kingine, hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, Marekani ni 60 na sisi ni 50, na hiyo transfoma haiigusi. Mota za zamani nyingi zinafuata hezi, kwa hiyo sahani ya 45 kwako inazunguka 37 na nusu, lazima wale wa bendi ya Mangelepa wasikike kama wana mafua. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 60 peke yake, mwambie fundi aangalie kile kigurudumu kidogo kwenye mota kinachovuta mkanda, kinatakiwa kikubwa kidogo, baadhi ya mashine zilitengenezewa cha 50 na mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza hata kukichonga. Kikisema 50/60, tafuta kiswichi chini ya ile duara ya chuma inayobeba sahani au ndani karibu na mota, lakini chomoa waya kwanza.