Kiraka kishike: kwa fundi anayeanza kazi ya boti za mpira Mtwara

Ukianza kazi hii, wa kwanza kukupa ushauri atakuwa fundi baiskeli wa mtaani kwenu. Atakuambia boti ya mpira ni tyubu kubwa tu: kwaruza, paka gundi ya pancha, bandika, jaza upepo. Msikilize kwa adabu, kisha usifuate. Gundi ya pancha ni ya mpira wa tyubu. Kwenye boti itashika mpaka mteja alipe, halafu itabanduka akiwa kwenye mkondo anavuka kwenda Msangamkuu.

Boti hizi huku kwetu utazikuta kwa watu wa doria, wapiga mbizi, watafiti wa samaki na matumbawe, na wanaotembeza wageni upande wa Msimbati. Nyingi hufika zikiwa zimeshatumika kwenye nchi za baridi, na jua la huku ndilo linalozimalizia. Kwa hiyo usitegemee kuletewa boti mpya iliyochomwa na mwiba. Utaletewa boti kuukuu yenye viraka vya mafundi waliokutangulia, silikoni juu ya lami, lami juu ya gundi ya viatu.

Kabla hujatafuta tundu, jua boti imetengenezwa kwa kitu gani. Kuna PVC, ambayo ni plastiki, na kuna mpira wa CSM ambao wengi bado wanauita Hypalon kwa jina la biashara la DuPont, ingawa kampuni hiyo iliacha kuutengeneza mwaka 2010 na sasa mpira wa namna hiyo unatoka viwanda vingine. Kila mmoja una gundi yake. PVC inataka gundi ya poliyurethani, Hypalon inataka ya neoprini. Ukizichanganya, hata uwe na mkono mzuri kiasi gani, kiraka utakuja kukichuna kwa kucha.

Namna ya kuzitofautisha: fungua valvu uchungulie ndani. Hypalon mara nyingi ndani ina rangi nyingine na nje, kijivu au nyeusi, na haing'ai. PVC hufanana ndani na nje, ina mng'ao wa plastiki, na nyuzi za kitambaa hujichora juu yake. Ukibaki na shaka, tia asetoni kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pasipoonekana. PVC itaanza kunata, Hypalon itafifia kidogo tu na kukauka. Wapo wanaochoma kipande kwa waya wa shaba wakitafuta mwali wa kijani. Usijisumbue. Mwali ule huletwa na klorini, na vitambaa vyote viwili vina klorini.

Mteja atakuonyesha tundu moja kwa kidole. Mshukuru, kisha kagua boti nzima kwa brashi na maji ya sabuni, ukianzia kwenye valvu, halafu mishono, halafu chini ya pete na vishikio, na mwisho kitambaa kitupu. Valvu ndiyo inayosahaulika. Boti inaletwa kwako imesinyaa, mwenyewe ameshakata tamaa, kumbe punje ya mchanga imekaa pale kizibo kinapolalia. Kazi ya dakika kumi, na hela yako uchukue vilevile, kwa sababu umelipwa kwa kujua pa kuangalia.

Kuna uvujaji mwingine ambao povu la sabuni halitakuonyesha kamwe. Boti hugawanywa ndani kwa kuta, ili chumba kimoja kikipasuka vingine viendelee kuelea. Ukuta ukilegea, upepo unahama chumba hadi chumba bila kutoka nje. Jaza chumba kimoja upepo mdogo, toa upepo wote kwa jirani yake na ufunge valvu. Ukirudi ukakuta jirani ameanza kuvimba, mwambie mwenye boti mapema: hiyo si kazi ya kiraka cha nje, lazima mrija, yaani lile bomba la boti linalojazwa upepo, ufunguliwe. Kipimo hiki kifanye kwa upepo mdogo kweli, maana kuta zile hazikuundwa kusukumwa kwa nguvu upande mmoja. Ndiyo maana hata siku za kawaida boti hujazwa kwa kuzunguka, kila chumba kidogo kidogo, mpaka geji isome sawa kote.

Geji nunua, usiniambie unapima kwa kidole gumba. Mirija ya boti nyingi hutaka kama PSI 3 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), na kila boti ina kibandiko chake kinachoeleza. Joto nalo lina hesabu yake. Boti iliyojazwa PSI 3 hewa ikiwa nyuzi 25, ikaachwa juani mpaka hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, geji itakaribia 4.5 bila mtu kugusa pampu. Mishono mizee haihimili hilo. Usiku nao geji hushuka, na mteja atakupigia simu alfajiri kwamba kiraka chako kinavuja. Mpe sharti: apime saa ileile aliyopima jana, boti ikiwa kivulini, ndipo mzungumze.

Sasa nifike kwenye unyevu, ambao ndio uliotuharibia kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye pwani hii.

Gundi za boti hazitaki hewa yenye maji. Wengi wanaozitengeneza husema unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60, na ukipita 70 uache kazi. Sasa fikiria Mtwara mwezi wa Februari, mvua imenyesha jana, shati limekuganda mgongoni. Hapo unapaka gundi, dawa iliyo ndani yake inaruka kama mvuke, na inaporuka inapoza ule uso uliopakwa. Uso ukipoa, maji ya hewani yanatua juu yake, utando mwembamba usiouona. Unabandika kiraka juu ya maji ukidhani umebandika juu ya gundi. Kwa jicho kinapendeza. Ukija kukivuta, kinatoka kizima na gundi yake imebaki safi, haikukamata upande wa pili. Ukiona gundi uliyopaka imepata ukungu mweupe badala ya kung'aa, acha, futa, subiri siku nyingine.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha betri, ukitundike ukutani karibu na meza ya kazi. Kwangu mimi hicho kinatangulia hata mkasi. Kazi za gundi zipange kiangazi, Juni hadi Oktoba, kusi linapovuma na hewa ni kavu kidogo, na hata hapo kuanzia kama saa nne asubuhi, umande ukishaondoka, mpaka saa tisa alasiri. Fanya chini ya paa. Jua la moja kwa moja hukausha gundi juu kabla ya chini na kuacha malengelenge. Wakati wa masika, kama huna chumba chenye kiyoyozi, fanya kazi nyingine: safisha, bandua viraka vya zamani, tengeneza valvu na mbao. Kiyoyozi hukausha hewa, lakini boti, kitambaa cha kiraka na kopo la gundi vyote vilale humohumo chumbani kwanza ili joto lao lilingane. Na kijana asikuletee jiko la mkaa eti kukausha chumba. Mvuke wa gundi na asetoni unawaka, na utawaka na nyinyi mkiwa ndani. Kwa mvuke huohuo, kofia ya karatasi ya puani haikusaidii kitu, tafuta barakoa yenye kichujio cha mkaa na acha mlango upumue.

Kubandua vya zamani ndiyo kazi chafu, na ndiyo nusu ya ufundi. Pasha kwa mashine ya hewa moto, polepole, huku ukivuta kwa koleo. Gundi iliyobaki iondoe mpaka uone kitambaa chenyewe, maana gundi mpya juu ya gundi iliyokufa inashikilia maiti. Hypalon isugue kwa msasa mpaka mng'ao wote uishe, kisha futa vumbi. PVC usiikwangue sana, yenyewe hutayarishwa kwa kuifuta na MEK au asetoni. Silikoni ni balaa, huacha mafuta yasiyotaka gundi, na zile dawa za kung'arisha dashibodi ya gari ni hivyohivyo. Wazee wetu walipaka sifa, yale mafuta ya papa, kwenye jahazi na mbao zikadumu, lakini mtu asipake mafuta yoyote kwenye boti ya mpira akitegemea baraka ile.

Hapa niweke onyo moja kwa wale mnaotokea kwenye kazi ya faiba. MEK ni dawa ya kusafishia. MEKP, ile hadina (dawa ya kugandisha) ya faiba, ni kitu kingine kabisa: huunguza ngozi, hupofua jicho likirukiwa, na ikichanganywa na asetoni inaweza kulipuka. Majina yanafanana, na makopo hukaa rafu moja dukani. Soma kopo mwenyewe, usimtume mtoto.

Gundi yenyewe ni ya vitu viwili, gundi na hadina yake. Kipimo hutofautiana kwa kopo, mara nyingi hadina ni kama 4 au 5 kwa 100 ya gundi, na kwa kiraka kidogo pima kwa bomba la sindano la dukani kwa dawa. Kumimina kwa macho hakufai. Hadina ikishafunguliwa hunywa unyevu na kufa, kwa hiyo nunua makopo madogo. Angalia tarehe ya mwisho pia, kwa sababu kopo limesafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar kwenye buti la basi, na kabla ya hapo hujui lilikaa wapi.

Kiraka kipite tundu kwa sentimita 5 kila upande, pembe zake zikate mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Paka pande zote mbili tabaka jembamba, acha likauke, paka la pili, subiri mpaka mgongo wa kidole ukigusa unanata bila kuondoka na gundi. Laza boti kwenye ubao ikiwa haina upepo, shusha kiraka kuanzia katikati, kisha kandamiza kwa rola ndogo au mgongo wa kijiko kuelekea kingoni, kwa nguvu zako zote. Mchaniko mrefu kuliko kidole utake na kiraka cha ndani pia. Baada ya hapo boti isijazwe upepo siku nzima, na nguvu kamili ya gundi huja baada ya karibu wiki.

Mteja hataki kusikia wiki. "Fundi, bandika tu, mimi naishia hapo hapo Msangamkuu." Kila mmoja anaishia hapo hapo. Mwambie hapana, na akisema fulani atambandikia leo jioni, mwache aende.

Tezini kuna ubao unaobeba mashine. Gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza. Sauti ikiwa butu mbao imeoza ndani, kwa kawaida kuanzia kwenye matundu ya skrubu za mashine. Rangi mpya juu ya uozo ni kumdanganya mtu. Sakafu na mkuku wa upepo sina mengi ya kusema, kanuni ni zilezile, ila sakafu ya upepo hujazwa zaidi sana kuliko mirija, kwa hiyo usitumie geji ya mirija ukashangaa imegota mwisho.

Kisha kuna boti za kukataa. Bandika kipande cha majaribio mahali pa chini, kiache kikomae, ukivute kwa koleo. Kikitoka na ngozi ya kitambaa, nyuzi zikabaki uchi, gundi yako haina kosa: kitambaa chenyewe kimekufa, na kiraka chochote utakachoweka kitashika kitu kisichojishika. Vilevile boti ya PVC ambayo mishono yake imeanza kufunguka sehemu nyingi kwa pamoja. Joto na unyevu vimeshakula gundi ya kiwandani, na ukifunga mshono huu leo, wa pili utafunguka mwezi ujao. Kuibandika upya yote inawezekana, lakini piga hesabu ya gundi na siku za kazi mbele ya mwenye boti, aamue mwenyewe akiwa anajua. Hypalon ya umri uleule inaweza kuwa imefifia na kutoa unga mkononi lakini bado ina maisha, basi usiihukumu kwa sura.

Atakayebaki na boti nzuri mwelekeze aisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila ikitoka baharini, atoe mchanga uliojificha kati ya sakafu na mrija, maana mchanga wa Msimbati ukisuguana hapo ni msasa tosha, na aiweke kwenye banda la makuti mbali na panya.

Hela ya ukaguzi ichukue kabla ya kazi, hata kama mwisho utaikataa boti, na ulichokiona kiandike kwenye daftari kwa tarehe, mwenye boti asaini. Siku boti ikipata matatizo baharini, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa fundi aliyeishika mwisho.